Utando wa wanga: mtupu, au wenye PBAT, PLA, PCL au PVA?

Maelezo ya tando nyingi zinazotengenezwa kwa wanga hudai kwamba zinahimili joto hadi karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Dai hilo si uongo, ila halimsaidii anayetaka kuchagua. Nyuzi 300 ni pale minyororo ya wanga inapokatika na kugeuka mvuke na makaa. Kabla ya kufika huko utando umeshatoa maji yake, umeanza kutoa gliserini, umelegea au umekakamaa, na kazi uliyonunuliwa imeshaharibika. Kwa hiyo hapa nitauliza jambo moja kwa kila aina: ni joto gani na unyevu gani unaoubadilisha utando kwa mara ya kwanza? Jibu limo kwenye muundo wa ndani.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa mifuko na tando za kufungashia zinazokunjwa na kuvutwa, wanga uliochanganywa na PBAT, plastiki laini inayovutika, ndio wa kuanza nao. Kwa kitu kigumu kinachosimama chenyewe, PLA, plastiki itokanayo na sukari ya mimea. Wanga mtupu una nafasi yake, lakini ni mahali pakavu na kwa matumizi ya muda mfupi. PVA ni ya vitu vinavyotakiwa kuyeyukia majini, na PCL, plastiki inayoyeyuka kwenye joto dogo, ni ya kazi chache maalumu. Sababu zake hazilingani kwa uzito, kwa hiyo baadhi nitazipitia haraka.

Kwa nini wanga wenyewe hauyeyuki

Wanga wa mmea huja ukiwa punje. Za mchele ni ndogo, mikroni 3 hadi 8. Za viazi mviringo huweza kufika mikroni 100. Ndani ya punje mna molekuli za aina mbili, zote zimejengwa kwa glukosi. Amilosi ni mnyororo mrefu usio na matawi, au wenye machache sana. Amilopektini ni kubwa zaidi na ina matawi mengi, moja kila baada ya glukosi 20 hadi 30 hivi. Matawi hayo mafupi hujisokota mawili mawili na kujipanga kuwa fuwele. Sehemu yenye fuwele huchukua kati ya asilimia 15 na 45 ya punje kutegemea mmea. Iliyobaki haina mpangilio.

Kila glukosi ina vikundi vya haidroksili (oksijeni na hidrojeni pamoja) vinavyoshikana na vya jirani kwa bondi za hidrojeni. Bondi moja ni dhaifu, lakini hapa zipo nyingi mno, na matokeo yake ni kwamba wanga mkavu huanza kuharibika kwenye joto lile lile ambalo ungetarajiwa kuyeyuka, yaani nyuzi 220 hadi 240. Mpito wake wa kioo, yaani joto ambalo chini yake polima (kitu chenye molekuli za minyororo mirefu) ni ngumu na hukatika na juu yake inalegea, unakadiriwa kuwa karibu nyuzi 230 kwa wanga usio na maji kabisa. Namba hiyo imepatikana kwa hesabu, kwa kuendeleza mstari wa vipimo vya wanga wenye maji, kwa sababu ukijaribu kuufikia moja kwa moja sampuli inaungua.

Ndiyo maana hakuna utando wa wanga bila kilainishi. Maji na gliserini hujipenyeza kati ya minyororo, hushika zile haidroksili, na minyororo hupata nafasi ya kuteleza. Ukichanganya wanga na gliserini asilimia 20 hadi 40 na maji kidogo, kisha ukaupitisha kwenye mashine ya parafujo yenye joto na msuguano, punje hupasuka, fuwele huvunjika, na unapata kitu kinachotiririka kama plastiki. Hicho ndicho kinachoitwa TPS, wanga uliolainishwa. Punje ambazo hazikupasuka zinaonekana kwenye hadubini ya mwanga uliopolaraishwa, yaani uliochujwa utikisike upande mmoja tu: kila moja inabaki na alama ya msalaba mweupe. Ukiziona nyingi, usijisumbue kupima mambo mengine, maana kila punje iliyobaki ni mahali ambapo mpasuko utaanzia.

Amilosi nyingi au kidogo

Wanga wa mahindi ya kawaida una amilosi asilimia 25 hadi 28, wa viazi mviringo 20 hadi 25, wa mihogo 17 hadi 20 hivi. Kuna mahindi ya aina ya nta yenye chini ya asilimia 2, na mengine yaliyozalishwa makusudi yakiwa na asilimia 50 hadi 70 au zaidi.

Amilosi ndiyo inayoupa utando nguvu. Minyororo yake mirefu hulala sambamba na kushikana kwa urefu mkubwa, wakati amilopektini peke yake hutoa utando laini unaoraruka mapema. Lakini amilosi nyingi inadai joto. Wanga wa mahindi ya kawaida ukiwa na maji ya kutosha huvimba na kuwa uji kati ya nyuzi 62 na 72. Ule wa amilosi nyingi unahitaji kupita nyuzi 120, tena chini ya shinikizo, ili muundo wa punje uishe kabisa. Mwenye chombo cha wazi na jiko hawezi kufika huko, maji yake yatachemka kwanza. Asipoteze muda na wanga huo hata kama majedwali ya nguvu yanavutia.

Nafaka zina mafuta kidogo ndani ya wanga, na amilosi huyazungushia mnyororo wake. Fuwele za aina hiyo huyeyuka karibu na nyuzi 100 hadi 120 na huufanya utando uwe na ukungu kidogo. Viazi mviringo na mihogo vina mafuta machache sana, hivyo utando wake ni angavu zaidi. Zaidi ya hapo, tofauti kati ya wanga wa mahindi ya kawaida na wa mihogo ni ndogo kuliko inavyosemwa. Ongezeko dogo tu la gliserini linaweza kuifuta yote.

Gliserini au sorbitoli

Huu ni uamuzi ambao wengi huufanya bila kufikiri, kisha humlaumu wanga. Gliserini ni molekuli ndogo yenye uzito wa molekuli 92. Inapenya haraka na kulainisha vizuri, lakini inavuta unyevu wa hewa na ina tabia ya kuhama: hutoka polepole ndani ya utando kuja juu, utando ukawa unanata nje huku ukikauka ndani. Sorbitoli ina uzito wa 182 na haidroksili 6, na kwenye joto la chumba ni yabisi. Inakaa palepale ilipowekwa, inaruhusu mvuke wa maji kidogo zaidi, na utando wake ni mgumu na wenye nguvu zaidi, ingawa hauvutiki sana. Kasoro yake ni kwamba ikizidi hujifanyia fuwele zake yenyewe, na baada ya muda utaona unga mweupe juu ya utando.

Kwenye joto tofauti ni kubwa zaidi. Gliserini huchemka kwenye nyuzi 290, lakini ndani ya utando mwembamba huanza kuondoka mapema zaidi, kuanzia nyuzi 150 hivi. Sorbitoli haikimbii hivyo. Kama utando utapita kwenye roli za moto au utazibwa kwa joto mara nyingi, sorbitoli au mchanganyiko wa hizo mbili ni salama kuliko gliserini pekee. Mchanganyiko, kwa maoni yangu, ndio ushauri bora kwa anayeanza, kwa kuwa sorbitoli inazuiwa kujifanyia fuwele na gliserini inapungua.

Na kilainishi kidogo mno ni kibaya kuliko kutokuwepo. Kikiwa chini ya takriban asilimia 10, utando mara nyingi huwa mgumu zaidi na hukatika kirahisi zaidi, kwa sababu molekuli chache zilizoingia huishika minyororo badala ya kuiachia. Anayepunguza gliserini hatua kwa hatua ili utando usinyonye maji atakutana na hali hiyo ghafla.

Wanga mtupu mbele ya joto

Weka kipande cha utando wa wanga na gliserini kwenye mizani yenye tanuri, yaani kipimo cha TGA, upandishe joto polepole ndani ya nitrojeni. Uzito utashuka kwa hatua tatu. Hadi nyuzi 120 au 150 yanatoka maji. Kati ya hapo na nyuzi 280 inatoka gliserini, mara nyingi bila mpaka wa wazi na hatua inayofuata. Kisha kati ya nyuzi 280 na 340 wanga wenyewe unavunjika, kilele kikiwa karibu na 310, na makaa hubaki. Maelezo ya biashara hunukuu kilele hicho cha mwisho. Mtumiaji anahusika na hatua ya kwanza, kwa sababu maji yakitoka, kilainishi kimetoka.

Kipimo cha DSC, kinachofuatilia joto linaloingia na kutoka kwenye sampuli, kina mtego unaojirudia hata kwenye ripoti za watu makini. Sampuli ya wanga ikiwekwa kwenye kikombe kisichofungwa kabisa, mchoro unaonyesha bonde pana kuanzia nyuzi 50 hadi 150. Wengi huliandika kuwa ni kuyeyuka kwa fuwele. Mara nyingi ni maji yanayokauka tu. Ukipasha mara ya pili bonde linatoweka, lakini utando unaoupima sasa ni mkavu na si ule uliokusudia kuutumia. Dawa ni kikombe kinachofungwa na kuhimili shinikizo. Hata hivyo mpito wa kioo wa wanga kwenye DSC ni hafifu. Kipimo cha DMA, kinachotikisa utando huku kikiupasha, huuona vizuri zaidi.

DMA inaonyesha jambo ambalo macho hayalioni: wanga uliolainishwa kwa gliserini una sehemu mbili. Ya kwanza ina gliserini nyingi na hulegea chini kabisa, karibu na nyuzi 50 hadi 70 chini ya sifuri. Ya pili ina wanga mwingi, na mpito wake hupanda na kushuka makumi ya nyuzi kutegemea unyevu wa siku ile. Kwa hiyo utando uliopimwa kwenye hewa kavu na ule uliopimwa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 75 ni kama vitu viwili tofauti. Ripoti isiyotaja unyevu haina thamani ya kulinganishwa. Hilo si gumu kulitimiza: chombo kilichofungwa chenye mmumunyo uliojaa wa nitrati ya magnesi hushikilia unyevu wa karibu asilimia 53, na wenye chumvi ya kawaida asilimia 75, kwenye nyuzi 25.

Halafu kuna uzee. Juu ya mpito wa kioo minyororo ina uhuru wa kutembea, na wanga huutumia uhuru huo kujipanga upya kuwa fuwele. Amilosi hufanya hivyo ndani ya saa, amilopektini kwa siku na wiki. Ni jambo lile lile linaloufanya mkate ukakamae. Mionzi ya eksirei inaonyesha mabadiliko hayo wazi: utando mpya huwa na vilele karibu na nyuzi 13 na 20 za pembe, vya amilosi iliyojisokota peke yake, na kadiri siku zinavyopita kilele cha nyuzi 17 kinainuka, cha fuwele za aina B. Kikiinuka, utando hukatika ukiukunja. Hivyo utando uliokupendeza ukiwa na siku mbili, uupime tena ukiwa na mwezi mmoja kabla ya kuagiza mwingi.

Njia ya kuutengeneza nayo ina sauti. Kumimina mmumunyo wenye wanga asilimia 3 hadi 5 kwenye sahani na kuukausha taratibu hutoa utando mzuri sana wa maabara, wenye punje zilizoyeyuka zote na minyororo iliyopata muda wa kutulia. Mashine ya parafujo hukata minyororo, huacha mabaki ya punje, na hupoza kwa sekunde. Matokeo ya njia ya kwanza hayaahidi chochote kuhusu ya pili. Nasisitiza hili kwa sababu tafiti nyingi za tando hizi zimefanywa kwa kumimina, na viwanda karibu vyote hutumia mashine ya parafujo na kuupuliza utando kama puto.

Wanga mtupu ufae nini basi? Ukiwa mkavu unazuia oksijeni na mafuta vizuri kuliko plastiki nyingi za kawaida. Kwa tabaka la ndani lililokingwa pande zote mbili, kwa kifungashio kinacholiwa pamoja na kilichomo, au kwa kitu cha kuoza upesi baada ya kutumika, ni chaguo la heshima. Kama mfuko wa kubebea, hapana.

Washirika wanne kwa namba

Joto katika jedwali ni nyuzi za Selsiasi. Safu ya mwisho ni joto ambalo polima huvunjika kwa kasi zaidi ndani ya nitrojeni.

| Polima | Mpito wa kioo | Kuyeyuka | Kuvunjika |
|---|---|---|---|
| Wanga na gliserini | hutegemea unyevu | hakuna kiwango kimoja | karibu 310 |
| PBAT | karibu −30 | 110–120 | karibu 400 |
| PLA | 55–65 | 150–180 | 350–370 |
| PCL | karibu −60 | karibu 60 | karibu 400 |
| PVA | 75–85 | 180–230 | hatua mbili, ya pili karibu 430 |

Safu ya mwisho ndiyo isiyo na faida kubwa kwa mchaguzi, lakini tutairudia kwa sababu nyingine.

Wanga na PBAT

PBAT ni poliesta inayovutika sana, hata zaidi ya mara tano ya urefu wake kabla ya kukatika. Mpito wake wa kioo uko chini ya sifuri, hivyo haikakamai kwenye joto la kawaida wala kwenye jokofu. Huyeyuka kwenye nyuzi 110 hadi 120, karibu sawa na polietilini laini ya mifuko inayoyeyuka kati ya 105 na 115. Maana yake ni kwamba mashine za kupuliza mifuko na za kuziba kwa joto hazihitaji kubadilishwa sana. Hiyo ndiyo sababu halisi ya mchanganyiko huu kuenea, kuliko sababu yoyote ya mazingira. Mater-Bi ya kampuni ya Novamont ya Italia, mojawapo ya bidhaa kongwe za soko hili, inategemea wazo hilo hilo la wanga pamoja na poliesta inayooza.

Kimuundo ni ndoa ya kulazimisha. Wanga unapenda maji, PBAT haiyapendi, kwa hiyo havichanganyiki hadi ngazi ya molekuli. Ukivunja utando uliogandishwa na kuutazama kwa hadubini ya elektroni, utaona matone ya wanga yametawanyika ndani ya PBAT, na wakati wa kupuliza huvutwa na kuwa nyuzinyuzi. DSC inathibitisha: kiwango cha kuyeyuka cha PBAT kinabaki karibu palepale hata wanga ukiongezwa. Kinachoamua ubora ni ukubwa wa matone hayo na namna yanavyoshikamana na PBAT. Hapo ndipo vinaingia viunganishi, kama poliesta iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki, ambayo huungana na haidroksili za wanga upande mmoja na kuzama ndani ya PBAT upande mwingine. Asidi ya sitriki hutumika pia, ila ikizidi hukata minyororo ya wanga na mchanganyiko unatiririka kupita kiasi ndani ya mashine.

Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: ni polima ipi iliyoendelea bila kukatika kutoka upande mmoja wa utando hadi mwingine? Wanga uliolainishwa ukiwa chini ya nusu, kwa kawaida ni PBAT. Utando utahimili maji, utalegea kwa kufuata PBAT, na uzee wa wanga utafichwa ndani ya matone. Wanga ukivuka nusu, mpangilio unaweza kugeuka, nao ukawa ndio unaobeba mzigo. Ghafla utando unanyonya maji na kukatika kama wanga mtupu. Mgeuko huo hauji taratibu, na pia unategemea ni polima ipi inayotiririka kwa shida zaidi ikiyeyuka. Kwa hiyo sogezo dogo la uwiano ili kupunguza gharama linaweza kuharibu kila kitu.

Kwenye mashine, hofu kubwa ni maji. Wanga ukiingia na unyevu mwingi, mvuke hutoboa puto la utando. Na joto likipanda kupita nyuzi 170 au 180 wanga hugeuka kahawia na kunuka kuungua. PBAT inaruhusu kufanya kazi chini ya hapo, karibu na 130 hadi 160, na ndiyo maana wanaelewana. Upungufu upo: PBAT nyingi inayouzwa hutokana na mafuta ya petroli ingawa inaozeshwa na vijidudu, na utando huu ni mzito. Wanga una uzani wa karibu gramu 1.5 kwa sentimita ya ujazo, PBAT karibu 1.25, polietilini laini 0.92. Kwa unene ule ule, kilo moja itakupa eneo dogo kuliko la polietilini kwa takriban asilimia 30. Anayelinganisha bei kwa kilo anajidanganya.

Wanga na PLA

PLA hutokana na sukari ya mimea, ni ngumu na angavu, lakini mpito wake wa kioo uko kwenye nyuzi 55 hadi 65. Chini ya hapo hukatika kabla ya kuvutika hata asilimia 10. Juu yake hulegea na kupoteza umbo, hata kama kuyeyuka kwenyewe kuko mbali, juu ya 150. Kikombe cha chai moto kinatosha kuikunja, isipokuwa imepewa muda wa kujifanyia fuwele. Ikiwa na fuwele za kutosha huweza kushika umbo kupita nyuzi 100.

Wanga una msaada usiotarajiwa hapo, kwani nyuso za matone yake huwa mahali pa fuwele za PLA kuanzia, na kwenye DSC kilele cha kujipanga kwa PLA, ambacho kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 90 na 130, husogea chini. Lakini anayedhani matone laini ya wanga yataifanya PLA ivutike atavunjika moyo. Bila kiunganishi matone hayo yanaachana na PLA mara tu utando unapovutwa.

Tatizo kubwa zaidi ni maji tena, na hapa ni kali. PLA hukaushwa hadi unyevu uwe chini ya asilimia 0.025 kabla ya kuyeyushwa, kwa sababu maji kwenye nyuzi 180 na zaidi hukata minyororo yake. Wanga uliolainishwa huja na maji mengi mara nyingi zaidi ya hapo, pamoja na gliserini yenye haidroksili ambazo nazo huikata PLA. Kila pasi ya ziada kwenye mashine inashusha urefu wa minyororo. Usiirudishe takataka ya mchanganyiko huu kwenye mashine mara nyingi.

Kwa trei, sahani na karatasi ngumu, PLA inashinda. Kwa mfuko, haifai peke yake. Viwanda huiongeza kidogo ndani ya mchanganyiko wa wanga na PBAT ili kuongeza ugumu, na matumizi hayo ni ya busara.

PCL na PVA

PCL hufanya kazi vizuri na wanga kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi 60 tu, kwa hiyo haiulazimishi wanga kupata joto kali. Inaoza hata kwenye udongo usio na joto. Lakini nyuzi 60 hizo hizo ndizo dari yake: ndani ya gari lililofungwa juani au kontena la chuma utando huanza kushikana. Kwa dawa, mbegu na vitu vinavyotunzwa mahali pa baridi ni sawa.

PVA inatofautiana na wote kwa kuwa nayo imejaa haidroksili, hivyo inaelewana na wanga kwa karibu zaidi na utando hutoka laini, mwangavu, wenye nguvu. Gliserini moja inavilainisha vyote viwili. Ila inabeba kasoro za wanga badala ya kuzifidia: inapenda maji, na ile iliyoondolewa vikundi vyake vyote vya asetati huyeyuka karibu na 230, pale pale inapoanza kuvunjika. Kuoza kwake kunahitaji vijidudu vilivyozoea kuila, ambavyo hupatikana zaidi kwenye mitambo ya maji taka kuliko kwenye udongo wa kawaida. Kifuko cha sabuni kinachotupwa majini, ndiyo. Zaidi ya hapo sioni sababu.

Joto la kuoza kwenye mboji

Joto lina kazi nyingine baada ya utando kutupwa. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinadai kwamba ndani ya miezi 6 vijidudu viwe vimegeuza asilimia 90 ya kaboni kuwa kaboni dioksidi, na ndani ya wiki 12 vipande vinavyobaki juu ya chekeche la milimita 2 visizidi asilimia 10. Hayo hupimwa kwenye mboji ya viwandani yenye nyuzi karibu 58. Rudi kwenye jedwali uone PLA: nyuzi 58 ni pale pale inapolegea, maji yanapoweza kuingia na kuikata. Kwenye lundo la mboji la nyumbani lenye nyuzi 25, PLA inakaa karibu kama ilivyo kwa muda mrefu sana. Wanga hauna sharti hilo. Kwenye mchanganyiko ndio unaoliwa kwanza, na utando hubaki na matundu mengi; matundu yanasaidia vijidudu kuifikia poliesta, ila hayaifanyi poliesta yenyewe ioze kwenye baridi. Mwenye mboji ya nyumbani atafute cheti kinachotaja mboji ya nyumbani, si EN 13432 pekee.

Kusoma mchoro wa muuzaji

Sasa ile safu ya mwisho ya jedwali. Haisaidii kujua utando utatumika wapi, lakini inakuambia umeuziwa nini. Mwombe muuzaji mchoro wa TGA hadi nyuzi 800, ukiwa na kasi ya kupasha iliyotajwa, kwa kawaida nyuzi 10 kwa dakika, na gesi iliyotumika. Kasi ikiongezwa vilele vyote husogea juu, kwa hiyo michoro ya kasi tofauti usiilinganishe. Hatua karibu na 310 ni wanga, na ukubwa wake unakuambia ni asilimia ngapi kwa makadirio. Karibu na 360 ni PLA, na karibu na 400 ni PBAT au PCL. Hizo mbili zitenganishe kwa DSC, moja inayeyuka 115 na nyingine 60. Upotevu kati ya 600 na 750 mara nyingi ni chokaa, yaani kalsiamu kabonati iliyojazwa ili kupunguza gharama, na si kosa mradi imetajwa.

Ukiona hatua kubwa kati ya nyuzi 450 na 480, hiyo si poliesta yoyote kati ya hizi. Ni tabia ya polietilini. Utando wa namna hiyo ni plastiki ya kawaida iliyojazwa wanga: vijidudu vitakula wanga, plastiki itasambaratika vipande vidogo na kubaki. Hapo huna haja ya kusoma maelezo mengine ya muuzaji huyo.